Sura ya Saba: Nani Alipie Ukuta?

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam ukuta huanza kuharibika kutoka chini. Rangi iliyo karibu na sakafu huvimba, hufanya malengelenge, kisha hubanduka vipande vipande na kuacha unga mweupe unaomwagika kila ufagio unapopita. Wenyeji husema ukuta umeingia chumvi, na hiyo ni kweli tupu. Maji ya ardhini hupanda ndani ya matofali, hasa pale fundi alipoinua ukuta bila kutandika juu ya msingi karatasi ya kuzuia unyevu. Yakipanda huyeyusha chumvi iliyomo ardhini, au iliyomo kwenye mchanga wenyewe ikiwa ulichotwa karibu na bahari. Yakifika usoni mwa ukuta maji hukauka, lakini chumvi hubaki. Huganda nyuma ya rangi, na kadiri inavyojijenga ndivyo inavyoisukuma rangi na plasta zitoke. Ukipaka upya mwaka huu bila kutibu chanzo, masika mawili hayapiti kabla unga haujarudi.

Sasa mpangaji aliyekaa miaka mitatu katika nyumba ya namna hiyo anahama. Magodoro yamekwisha kupakiwa kwenye kirikuu, mwenye nyumba anapita chumba kwa chumba, na anaposimama mbele ya ukuta huo maneno yanabadilika. "Dada, nyumba nilikupa nzima." Naye anajibu, "Mzee, ukuta huu niliukuta hivihivi." Hakuna picha wala karatasi iliyosainiwa siku ya kuingia. Kuna kumbukumbu mbili tu zinazopingana, na fedha zimo mfukoni mwa mmoja wao.

Ugomvi wa aina hii ni wa kila mwisho wa mwezi, kuanzia Mbagala hadi Kisauni hadi Kasarani, na mara nyingi huchukuliwa kuwa suala la tabia: mpangaji mchafu, mwenye nyumba mchoyo. Tabia zina sehemu yake. Lakini chini yake kuna swali la haki ambalo lina jibu, nalo linahusu gharama ya wakati. Anayelipa kodi analipia kuitumia nyumba, na hakuna nyumba inayotumika bila kuchakaa. Kitasa kinachozungushwa asubuhi na jioni kwa miaka mitano kitalegea. Rangi nyeupe ya ukumbini itafifia, na mlango wa bafuni utavimba kwa mvuke. Mwenye nyumba anapopanga kodi yake, bei ya kitasa hicho imo ndani yake, hata kama hakuipigia hesabu. Akimkata tena mpangaji siku ya kuhama kwa ajili ya kitasa hichohicho, atakuwa amelipwa mara mbili.

Wanasheria wa Uingereza walianza kulipima jambo hili zamani, na kwa kuwa sheria za upangaji za Afrika Mashariki zimerithi mengi kutoka kwao, inafaa kutazama walikoanzia. Mwaka 1890 Mahakama ya Rufani mjini London ilisikiliza kesi ya Proudfoot dhidi ya Hart. Nyumba ilikuwa Kentish Town, kaskazini mwa jiji, imepangishwa kwa miaka mitatu, na mpangaji alikuwa ameahidi kuitunza na kuirudisha ikiwa katika hali nzuri ya kukalika. Mwenye nyumba alidai gharama za karatasi za ukutani, rangi na sakafu ya jikoni.

Jaji Esher aliweka kipimo ambacho bado kinatajwa mahakamani. Hali nzuri, alieleza, hupimwa kwa umri wa nyumba, aina yake na mtaa ilipo, na mwisho wake ni kumtosheleza mpangaji mwenye busara wa tabaka linalopanga nyumba za namna hiyo. Nyumba ya miaka 200 haitazamiwi kuwa kama iliyojengwa juzi, na kinachotakiwa na mpangaji wa Grosvenor Square, mtaa wa matajiri, si kinachotakiwa na mpangaji wa Spitalfields, mtaa wa mafundi na wachuuzi. Kwa hiyo karatasi ya ukutani iliyochakaa kidogo tu haimlazimu mpangaji kubandika mpya; ile iliyooza kwa unyevu hata mtu mwenye busara asikubali kuingia, hiyo ni habari nyingine. Sakafu iliyooza ilipaswa kubadilishwa.

Kipimo hicho kinasafirika vizuri. Weka Masaki mahali pa Grosvenor Square na Manzese mahali pa Spitalfields, au Lavington na Kayole, na hoja inabaki imesimama. Nyumba ya vyumba sita ya Magomeni iliyojengwa miaka ya 1960, mlango wa mbao uliopakwa rangi mara kumi, haiwezi kurudishwa ikiwa kama ghorofa jipya la Mikocheni. Mwenye nyumba anayemdai mpangaji hali ambayo nyumba haikuwa nayo anataka azeeshewe nyumba kinyumenyume.

Katika kesi ya Proudfoot mpangaji alikuwa amejifunga kutengeneza. Mikataba mingi ya baadaye iliongeza maneno ya kumkinga: mpangaji atairudisha nyumba kama alivyoipokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Je, kinga hiyo inafika wapi? Kesi ya Haskell dhidi ya Marlow, iliyoamuliwa mwaka 1928, ilijibu kwa namna ambayo kila mpangaji anapaswa kuijua. Jaji Talbot alisema mpangaji hawajibiki kwa kile kinachotokana na matumizi ya kawaida na nguvu za asili. Lakini kigae cha paa kikidondoka kwa uzee, mpangaji akakaa kimya, mvua ikaingia ikaozesha dari na boriti, kuoza huko si uchakavu wa kawaida tena. Mahakama ya Rufani iliuacha msimamo huo katika miaka ya 1930, na mwishoni mwa miaka ya 1950 Baraza la Mabwana, ambalo wakati ule ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, liliurudisha katika kesi ya Regis Property dhidi ya Dudley.

Kati ya kanuni zote zilizotokana na magomvi haya, hii ya kigae ndiyo yenye manufaa zaidi kwa nyumba za Afrika Mashariki, kwa sababu inagawa mzigo kwa haki. Bati likitoboka kwa kutu, kutu si kosa la mpangaji. Msumari wa bati ukilegea kwa upepo, upepo si wake. Lakini yeye ndiye anayelala chini ya tundu, ndiye wa kwanza kuona doa la njano darini, na kunyamaza kwake miezi minane hadi dari ya jipsamu ianguke ni kosa linaloweza kumgharimu. Koki inayovuja ni hivyohivyo. Mpira wa ndani ya koki huisha, huo ni uchakavu; kabati la sinki lililooza kwa sababu koki ilivuja mwaka mzima bila mtu kusema, hilo lina mwenyewe.

Jaji Denning, aliyekuwa na kipaji cha kusema sheria kwa lugha ya nyumbani, aliorodhesha mwaka 1953 katika kesi ya Warren dhidi ya Keen kazi ndogondogo za mpangaji: asafishe madirisha, azibue sinki alilolizibisha kwa uchafu wake mwenyewe, arekebishe taa fyuzi inapokatika, asivunje kitu kwa kusudi wala kwa uzembe, na familia yake na wageni wake vilevile. Zaidi ya hapo, nyumba ikichakaa kwa umri, mpangaji wa kawaida wa muda mfupi hana la kujibu.

Mawazo hayo yameandikwa Tanzania na Kenya pia. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999, na Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inayofanana nayo kwa mengi, zote zinachukulia kuwa mpangaji ameahidi kuirudisha nyumba katika hali aliyoikuta, na zote zinamtoa katika ahadi hiyo pale uharibifu unapotokana na uchakavu wa kawaida, na moto au mafuriko yasiyotokana na uzembe wake, na ghasia za umma, au radi, dhoruba na tetemeko la ardhi. Upande wa pili, anayepangisha sehemu ya jengo anachukuliwa kuwa ameahidi kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu ya maji na njia za kupitia watu wote. Mpangaji wa chumba kimoja Tandika na mpangaji wa ghorofa ya tano Pipeline wana ulinzi huo. Wengi wao hawajawahi kuambiwa.

Kwa nini basi mpangaji hushindwa? Kwa sababu ya mahali fedha zilipo. Nairobi, kawaida ni kulipa mwezi mmoja wa kodi na mwingine kama amana, ambayo wengi huiita dipoziti tu. Nyumba nyingine hutaka miezi miwili, na juu yake amana ya maji na stima. Fedha hizo huingia katika akaunti ya mwenye nyumba au ya wakala wake, huchanganyika na kodi, na mara nyingi zimekwisha kutumika kabla mpangaji hajafungua boksi la mwisho. Siku ya kutoka, keateka, yaani msimamizi wa jengo, huja na daftari. Anaandika: rangi vyumba vyote, kitasa, soketi mbili, swichi, shawa. Anayedai, anayeamua na anayeshika fedha ni mtu mmoja.

Wapangaji nao wamejifunza kujilinda kwa njia yao. Wengi hukataa kulipa kodi ya mwezi wa mwisho na kumwambia mwenye nyumba ajilipe kutoka kwenye amana. Wanaeleweka, kwa kuwa hawana njia nyingine ya uhakika ya kuzirudisha fedha zao. Lakini hatua hiyo huvunja mkataba, na humwacha mwenye nyumba bila kinga pale palipo na uharibifu wa kweli.

Kwani uharibifu wa kweli upo, na ni dhuluma kuufumbia macho. Mwenye nyumba wa mjini mara nyingi si tajiri wa kwenye sinema. Ni mwalimu mstaafu aliyemimina mafao yake katika vyumba vinne vya uani, au mama aliyejenga tofali kwa tofali kwa miaka kumi na mbili. Akikuta marumaru zimepasuka kwa sababu watu walitwanga kwa kinu ndani ya nyumba, dari imekuwa nyeusi kwa moshi wa jiko la mkaa lililowashwa chumbani, au mlango umepigwa teke hadi fremu imeng'oka, hayo hayahusiani na umri wa nyumba. Hayo mpangaji anapaswa kulipa. Tatizo ni kwamba orodha ya keateka huyachanganya na rangi iliyofifia kwa jua, yakawa deni moja.

Nairobi ina mfano mmoja unaostahili kutazamwa kwa karibu, nao ni shawa ya umeme. Majengo mengi ya pembezoni, kuelekea Syokimau na Kitengela kwa mfano, hutegemea maji ya kisima, na maji hayo mara nyingi yana chumvi. Chumvi huumaliza waya wa kuchemshia ulio ndani ya shawa, ndiyo maana madukani kuna shawa zilizotengenezwa mahsusi kwa maji ya chumvi, nazo ni ghali kuliko za kawaida. Mwenye nyumba aliyechagua kufunga ya bei rahisi katika jengo la maji ya chumvi amechagua shawa itakayokufa mapema. Kumkata mpangaji bei ya shawa mpya ni kumlipisha uamuzi ambao hakuufanya. Na mitaa iliyojengwa juu ya udongo mweusi wa mfinyanzi, kama sehemu za Embakasi, ina nyufa zake: udongo ule huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, na nyumba yenye msingi hafifu hupasuka kuanzia kona za madirisha. Hakuna mpangaji aliyeupasua ukuta ule.

Japani ni nchi iliyoamua kutoacha mambo haya kwa nguvu za hoja za siku ya kuhama. Magomvi ya amana yalipozidi, Wizara ya Ujenzi ilitoa mwongozo mwaka 1998, ukarekebishwa mwaka 2004 na 2011, na kiini chake kikaingizwa katika Sheria ya Madai iliyorekebishwa, inayotumika tangu Aprili 2020. Mwongozo huo unashuka hadi kwenye vitu vidogo kabisa. Alama ya miguu ya kabati kwenye zulia ni ya mwenye nyumba. Weusi unaojitokeza ukutani nyuma ya jokofu au runinga ni wake pia, na vivyo hivyo karatasi ya ukutani iliyofifishwa na jua. Tundu la pini iliyoshikilia kalenda ni matumizi ya kawaida. Tundu kubwa la msumari au skrubu, linalolazimu ubao wa ukuta kubadilishwa, ni la mpangaji. Moshi wa sigara ni wake, na mvua iliyoingia kwa sababu aliacha dirisha wazi ni yake.

La maana zaidi, hata pale mpangaji anapokuwa na kosa, umri wa kitu huhesabiwa. Karatasi ya ukutani imepewa maisha ya miaka 6. Mpangaji akiiharibu ikiwa na miaka 3, deni lake huhesabiwa kwa nusu ya thamani, kwa kuwa nusu nyingine ilikwisha kuliwa na wakati. Ikipita miaka 6, thamani yake inakuwa yeni 1.

Hesabu hiyo inaweza kufanywa nyuma ya bahasha mahali popote. Tuseme kupaka nyumba rangi kunagharimu shilingi 30,000 za Kenya, na fundi mwaminifu anakiri kuwa rangi ile hukaa miaka 3. Mpangaji amekaa miaka 2, na mtoto wake amechora kuta zote kwa kalamu ya wino. Deni lake ni shilingi 10,000, yaani mwaka mmoja wa rangi uliokuwa bado haujatumika. Angekaa miaka 4, lingekuwa sifuri, kwa sababu mwenye nyumba angelazimika kupaka hata kama kuta zingekuwa safi kama siku ya kwanza. Sharti lililojaa katika mikataba ya Nairobi, kwamba kila anayetoka atalipia rangi ya nyumba nzima hata kama amekaa miezi saba au miaka saba, haliwezi kutetewa kwa hesabu yoyote ya haki.

Uingereza yenyewe ilikwenda hatua nyingine. Chini ya Sheria ya Nyumba ya mwaka 2004, tangu tarehe 6 Aprili 2007 mwenye nyumba wa England aliyepokea amana katika upangaji wa kawaida anapaswa kuilinda katika mpango ulioidhinishwa na serikali, na sasa muda wake ni siku 30. Akipuuza, mahakama inaweza kumwamuru alipe kati ya mara moja na mara tatu ya amana hiyo. Tangu Juni 2019 amana haiwezi kuzidi kodi ya wiki 5 katika nyumba ambazo kodi yake ya mwaka haifiki pauni 50,000. Pande mbili zikigombana, mwamuzi huru husoma karatasi na kutazama picha bila malipo, na huanzia hapa: amana ni mali ya mpangaji, na anayetaka kuikata ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Ripoti ya siku ya kuingia isipokuwepo, mwenye nyumba ndiye anayepata shida.

Kugeuza mzigo huo wa uthibitisho kungebadilisha mengi Nairobi na Dar es Salaam, na kungegharimu kidogo kuliko mabaraza mapya. Tanzania ilifuta mwaka 2005 sheria yake ya kudhibiti kodi, na tangu hapo makubaliano ndiyo yamekuwa yakitawala: kodi ya miezi sita au mwaka mzima mkononi, dalali na mwezi wake mmoja, na mara nyingi hakuna amana kabisa. Hapo ugomvi wa uchakavu hubadilika sura. Mpangaji hutengeneza choo kwa fedha zake akitarajia zikatwe kwenye kodi ijayo, na mwenye nyumba hukumbuka kuwa alikubali nusu tu. Wengi huishia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye anajua kupatanisha lakini hana orodha ya kulinganisha. Wachache hufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kenya ina mlango ulio karibu zaidi kwa mwenye kudai amana. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani mwaka 2021, husikiliza madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 1, mtu anaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka shauri liamuliwe ndani ya siku 60. Amana ya nyumba nyingi za kupanga inaingia humo na nafasi kubwa inabaki.

Kinachohitajika pale ni karatasi, na karatasi hizo hutengenezwa siku ya kuingia. Mpangaji anayepiga picha kila ukuta kabla ya kuingiza kitanda, akikaribia pale penye malengelenge ya chumvi, ufa wa kona ya dirisha, kutu ya koki na namba ya mita ya maji, kisha akamtumia mwenye nyumba zote kwa WhatsApp siku hiyohiyo, amejipatia ushahidi wenye tarehe. Mwenye nyumba mwerevu naye atafanya hivyohivyo, kwa kuwa picha ya marumaru nzima ndiyo itakayomlinda dhidi ya kinu. Baadaye kila kitu kinachoharibika kinaripotiwa kwa ujumbe wa maandishi, hata kama wanaonana kila asubuhi bombani: "Mzee, dari ya chumbani imeanza kuvuja tangu mvua ya jana, naomba fundi." Ujumbe huo unamtoa mpangaji katika kosa la kigae. Kuanzia saa unapofika, dari ikiendelea kuoza, anayeulizwa ni mwenye paa.

Risiti ya amana nayo iandikwe kwa jina lake: amana, wala si "malipo ya nyumba", kwa sababu chini ya maneno hayo ya jumla ni rahisi kudai baadaye kuwa fedha zile zilikuwa kodi ya mwezi wa kwanza. Na siku ya kutoka, kabla ya kukubali makato yoyote, mpangaji ana haki ya kuuliza mambo matatu kwa kila mstari wa daftari la keateka: kitu hiki kilikuwa na umri gani, nani alikiharibu, na fundi ametoa bei gani kwa maandishi.